Aliyebaki na Zamu ya Moto

Usiku ule nililala na hasira. Masanja, mume wangu, alikuwa amerudia kusema kwamba mvua zikiisha atalibomoa bani, tuuze matofali, turudi mjini Tabora tukapange chumba. Nikamwambia abomoe na mimi nikiwa ndani. Nikajifunika shuka gubigubi, yeye akatoka kwenda kukaa nje, kwenye ukuta wa nyuma, kama kawaida yake.

Bani ni jengo la kukaushia tumbaku. Huku kwetu Urambo yapo mengi, marefu, hayana madirisha, na mengine yameachwa mwituni. Hili lilikuwa la baba yake Masanja. Tuliporudi kijijini tulikuta nyumba ya familia imeshaangushwa na mvua, lakini bani limesimama peke yake kwenye magugu, matofali yake ya kuchoma mazima kabisa. Mimi ndiye niliyelipenda. Mimi ndiye niliyeingia na panga, nikafyeka, nikasema, "Hapa dirisha, hapa kitanda." Tukatoboa kuta, tukapiga lipu, tukaziba kwa udongo tundu la moto lililoko nyuma. Harufu ya tumbaku haikutoka hata tulipopaka chokaa. Nikaizoea, halafu nikaanza kuipenda.

Masanja hakuizoea. Tangu tuhamie hakuwahi kulala mpaka asubuhi. Shangazi yake ndiye aliyenieleza kisa. Tumbaku ikiwa ndani ya bani, moto hauachwi. Anayeuchochea haondoki mpaka mwenzake afike na kutamka, "Nimepokea." Baba mkwe alikufa akiwa kwenye zamu, amekaa mbele ya tundu la moto. Aliyetakiwa kumpokea alikuwa Masanja, mtoto wa shule bado, naye alipitiwa na usingizi. Hakuna aliyemlaumu. Alijilaumu mwenyewe kwa niaba ya ukoo mzima, na mimi sasa nilikuwa nimemleta kulala ndani ya jengo lile lile. Mashavu yalikuwa yamembonyea. Nilikuwa nampoteza mume wangu ndani ya nyumba niliyoipenda, na kwa ubishi wangu sikutaka kulikubali hilo.

Usingizi ukanichukua na hasira zangu.

Nilijikuta napiga lipu. Ni mchana, jua linaingia kwa dirisha langu la mashariki, na mwiko unateleza vizuri mkononi. Lakini kila nikipaka, ukuta unainywa lipu na kubaki ulivyokuwa. Nikainua kichwa nimwite Masanja, nikaona paa halipo. Juu yangu yananing'inia majani ya tumbaku, safu juu ya safu, mabichi, yananidondoshea maji shingoni. Joto likapanda. Mara niko nje, sijui nimepitia wapi, niko nyuma ya bani, na lile tundu tuliloliziba liko wazi, linawaka.

Mbele yake amechuchumaa mzee. Sikuwahi kumwona baba mkwe wangu. Alikufa miaka mingi kabla sijaolewa, na picha hakuacha. Lakini nilimjua. Masikio yalikuwa yale yale ya Masanja, yaliyosimama kama yanasikiliza ya jirani. Nikapiga magoti upesi na kutazama chini, maana mwanamke hamkazii macho baba mkwe wake. Ninaona miguu yake tu. Ina majivu mpaka kwenye vifundo, na inatetemeka kwa uchovu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Anasukuma gogo ndani. "Yamekauka?"

Sikuthubutu kumwambia ni mabichi. Nikamuuliza, "Baba, umekaa hapa muda wote huu?"

"Hakuna aliyepokea."

Alisema bila kulalamika, na hilo ndilo lililoniuma. Nikasahau mimi ni nani kwake. Nikamwambia mwanawe halali, hali vizuri, anakaa nje kila siku mgongo wake ukiwa kwenye ukuta huu huu, anasema baba yake alimngoja mpaka akafa. Nilisema kwa sauti ya juu, sauti ninayoitumia kwa Masanja. Moto ukafifia. Nikaogopa kwamba nimemkosea adabu marehemu.

Tukawa ndani ya nyumba, ile iliyoanguka, ila sasa imesimama na mlango wake. Juu ya mkeka amelala mtoto, mdomo wazi, nyayo zimejaa masizi. Mzee amesimama kizingitini, karibu yangu kabisa.

"Nilikuja kumwamsha," akasema. "Nikaona alivyochoka. Nikamfunika, nikarudi kwenye moto wangu." Akaongeza: "Sikumngoja. Mwambie."

Hapo nikainua macho. Amevaa singlendi iliyochanika begani, na manyunyu ya mvua yanamteleza mikononi.

Tena tuko mbele ya moto. Ninalishika gogo analolishika yeye, na ninahisi uzito wake wote ukihamia kwangu. Sijawahi kusikia mkwe akimwamrisha mzee. Nikamwamrisha.

"Inuka, baba. Nimepokea."

Ananitazama. Kisha anashika magoti, anaguna kama mzee yeyote anayetoka kitini, anasimama. "Haya, mama," anasema, na kushika njia ya shambani, akipangusa viganja. Nikasikia majani yakichakarisha juu. Yamekuwa ya manjano, makavu, yanang'aa. Nikamwita arudi ayaone. Hakugeuka.

Niliamka shuka likiwa limelowa machozi. Kulikuwa kunapambazuka. Nikatoka kama nilivyo, bila hata kandambili, nikamkuta Masanja ameegemea ukuta, macho mekundu. Sikumsalimia. Nilikaa chini kwenye umande nikamweleza yote, na ujumbe nikaurudia mara mbili ili nisiukosee.

Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Singlendi. Na mvua ilikuwa inamnyeshea, nilimwonea huruma."

Masanja akafunika uso kwa viganja.

"Asubuhi ile niliamka nimefunikwa koti lake," akasema. "Siku zote nilidhani ni mama."

Akalia. Tulioana tukiwa vijana, na sijawahi kumwona akilia namna ile, kwa sauti, kama anayepokea taarifa ya msiba leo. Nililia naye. Alipotulia aliinuka, akaingia ndani, akajitupa kitandani na viatu vyake. Jua lilipanda mpaka utosini naye bado anakoroma. Nilikaa mlangoni kufukuza kuku, na kila jirani aliyepita na kutaka kupiga hodi nilimwashiria anyamaze, kidole changu mdomoni.