Nilikigawa Kitabu Nisichoujua Mwisho Wake

Nilikuwa natia zipu kwenye sketi ya mtu. Mara Pacha akaingia bila hodi wala salamu, akanitupia kitabu juu ya cherehani, sindano ikiwa bado inatembea.

Sindano ikavunjika. Kipande kikanipita pembeni ya sikio.

"Soma," akaniambia. "Soma mwisho wake, mwongo wewe."

Huyu ni Pacha yule ambaye miaka minne nyuma alikuwa haniiti jina, ananiita dada. Leo ananitazama kama mtu aliyekuta mwizi ndani.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana msipojua mwanzo mtadhani alirukwa na akili.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea chumba cha mbele cha nyumba yetu, mlango wazi, ili mama akiita kutoka chumba cha pili nimsikie. Mama alipatwa na kiharusi miaka kumi na mmoja iliyopita. Upande wa kulia ukafa. Mdomo ukabaki, na akili ikabaki, tena akili kali.

Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na tisa, na barua ya chuo mkononi. Nilikuwa naenda kusomea upimaji ardhi. Wanawake wawili tu ndio waliochaguliwa, mmoja mimi. Mtaa mzima ulijua.

Tupo wawili kwa mama. Dada yangu amenizidi miaka minne. Na yeye alikuwa amepata kazi ya ukarani mji mwingine, anasubiri siku ya kuripoti tu.

Mmoja alitakiwa abaki. Hakuna aliyelisema hilo. Lilikaa pale sebuleni kama mgeni asiyeaga.

Ndipo dada akanipa kitabu.

Jina lake sitalitaja. Aliyekiandika hana kosa, na nyinyi nawajua, mtaanza kumsema. Kilikuwa kimechakaa, jalada limeshikiliwa na gundi. Dada akasema, "Mdogo wangu, soma hiki. Mimi kilinitoa machozi."

Nilikisoma kwa siku mbili, nikipika nacho, nikifua nacho. Kinamhusu binti wa mfinyanzi. Mama yake anapofuka macho, na wiki hiyohiyo binti anapata nafasi ya kwenda kusoma mbali. Analia, anafunga begi, analifungua, analifunga tena. Mpaka inafika siku amesimama kituoni, barua mkononi, basi linaonekana kwa mbali.

Na hapo kikaisha! Kurasa zilizobaki hazikuwepo.

Nikamkimbilia dada. "Ikawaje? Alipanda?"

Dada alikuwa anapiga pasi. Hakuinua macho. "Mimi nilikisoma kikiwa kizima," akasema. "Basi lilisimama, mlango ukafunguliwa. Binti akalitazama, akageuka. Akarudi nyumbani kwa miguu. Mama yake aliposikia zile hatua akacheka na kulia kwa pamoja. Na kwa radhi za mama, kila alichokiacha kikamfuata mlangoni."

Nililia mpaka kamasi. Kesho yake nikawaandikia chuo kwamba siji.

Wiki tatu baadaye dada akaondoka na masanduku mawili. Mimi nikanunua cherehani. Badala ya kupima ardhi, nikawa napima viuno vya watu.

Lakini sikuwahi kulalamika. Nasema kweli. Siku mgongo ukiniuma kwa kumgeuza mama kitandani, nilikuwa nashika kile kitabu, nasoma mpaka pale kituoni, halafu najisimulia mwisho wa dada kichwani. Nikimaliza napata nguvu. Nilikipenda kuliko kitu chochote nilichomiliki.

Na kitu ukikipenda hukifichi. Nikaanza kukigawa.

Mteja akija na macho mekundu, akianza kunieleza yaliyomkuta huku nampima mabega, nilikuwa nampa kitabu. "Nenda kasome, ukifika mwisho njoo nikumalizie." Wakarudi. Nikawamalizia. Niliwapa watu saba, majina nimeyaandika kwa penseli ndani ya jalada. Nilijiona daktari.

Wa saba ndiye Pacha.

Jina hilo alibaki nalo peke yake, mwenzake alifariki wakiwa wachanga. Alilelewa na bibi yake. Alikuja nimshonee sare, kapata nafasi ya kusomea ukunga. Siku ya kupimwa anacheka, siku ya kujaribisha analia. Bibi kaanza kuvimba miguu, hawezi hata kwenda chooni peke yake.

"Dada, nifanye nini?" akaniuliza.

Nikampa kitabu.

Siku ya tatu akarudi mbio, hata viatu kavaa vya watu wawili tofauti. "Alipanda? Dada, alipanda?"

Nikamketisha. Nikamsimulia mwisho kama nilivyosimuliwa, tena chumvi nikaongeza. Nikamwambia mama mfinyanzi alimpapasa binti yake uso, akasema, "Aliyebaki ndiye mwanangu." Hilo hata dada hakulisema. Nilitunga mimi, papo hapo, nikafurahi lilivyokaa vizuri.

Pacha hakwenda chuo. Kitambaa chake cha sare nilimshonea foronya.

Bibi alifariki mwezi wa nne tangu hapo. Nafasi ya chuo ilishapewa mwingine. Pacha akapata kazi ya kufagia na kupiga deki kwenye zahanati, vyumba vilevile ambavyo angekuwa mkunga. Ndoo mkononi, anapisha wenye sare.

Sasa siku hiyo ya sindano kuvunjika, mkunga mmoja alikuwa anasoma kitabu wakati wa mapumziko. Akaitwa haraka kuzalisha, akakiacha kwenye benchi. Pacha akakitambua, maana jina lake hawezi kulisahau. Akaegemeza ufagio, akakifungua.

Kilikuwa kizima.

"Nimeomba niazimwe nusu saa," akaniambia. "Kisome mbele yangu."

Nikasoma.

Basi linasimama. Binti anapanda.

Anapanda, jamani! Wala hageuki. Anakaa dirishani, analia vituo vitatu, halafu usingizi unamchukua. Anasoma. Baada ya miaka mitano anarudi, anajua atakuta kaburi. Anamkuta mama yake kibarazani, majirani wamepokezana kumhudumia kwa zamu, kanenepa. Mama anamshika mikono, anaikagua kwa vidole, anamwambia: "Siku ile niliomba kitu kimoja tu, usije ukageuka."

Nikafunga kitabu. Pacha akanyoosha mkono, akakichukua.

"Pacha, mimi sikujua. Wallahi sikujua."

"Hukujua?" akasema. "Basi kwa nini ulisimulia kama uliyejua?"

Akatoka.

Nikaiweka chini sketi ya watu. Kisha nikachukua kile cha kwangu, nikakipanua pale kurasa zilipokosekana. Karatasi nane. Nikapitisha kidole.

Mimi ni fundi. Kilichochanika kina nyuzi, kina meno. Kilichokatwa hakina. Pale palikuwa laini kabisa, pamekatwa kwa wembe, kwa utulivu, na mtu aliyeweka rula.

Miaka kumi na mmoja nimekishika kitabu kile na sikuwahi kupatazama hapo.

Keshoye nikamwomba jirani akae na mama, nikapanda gari la asubuhi. Dada yuko kwenye ofisi ya vibali, anakaa nyuma ya kioo chenye kitundu. Nikapanga foleni kama wananchi wengine. Watu kumi na wawili mbele yangu. Kwa mara ya kwanza nikaona namna dada yangu anavyogonga muhuri: haraka, bila kumwangalia mtu.

Zamu yangu ikafika.

"Shida yako?" akauliza, macho kwenye karatasi.

Nikapitisha kitabu chini ya kioo, kimefunguliwa pale palipokatwa.

Akainua uso. Akaacha muhuri, akatoka nyuma ya kioo.

Tukasimama ukumbini, karibu na mapipa ya maji. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, matusi ya kutosha basi zima. Yote yakapotea. Nikauliza moja tu: "Ulikata wewe?"

"Nilikata mimi."

"Ili mimi nibaki, wewe uende."

Kwenye foleni mtu akaita, "Karani yuko wapi?"

"Mdogo wangu," akasema taratibu, "kata nilikata. Lakini wazo si langu. Nenda kamuulize mama."

Nikacheka. Nilicheka kweli, watu wakageuka. "Unamsingizia mgonjwa? Huna haya?"

"Kamuulize," akasema, akarudi kwenye kiti chake.

Nilifika nyumbani jua bado lipo. Jirani alikuwa ameshamlisha mama. Nikaagana na jirani, nikaketi kwenye kiti cha kumwogeshea mama. Nikamwonyesha kitabu.

Nilitaka ashangae. Niliomba Mungu ashangae.

Mama alikitazama, kisha akanitazama mimi. Akasema, "Amekwambia."

Nyie! Kuna neno dogo linaweza kukuvunja mifupa yote.

"Mama, kwa nini?"

"Niliogopa, mwanangu."

"Ungesema! Ungeniambia baki, ningebaki!"

"Ungebaki na kinyongo," akasema. "Mgonjwa anaoshwa na mikono. Mikono yenye kinyongo inaumiza. Nilitaka ubaki kwa kupenda."

Alisema taratibu, mdomo ukivutwa upande mmoja, kama anayenieleza bei ya mkaa. Ni yeye aliyesikia dada akisoma kile kitabu kwa sauti. Dada alipofika mwisho, mama akamwambia: huu mwisho mdogo wako asiuone. Yaliyobaki dada alimalizia.

Nikauliza lile lililobaki. "Kwa nini mimi? Kwa nini si yeye?"

"Dada yako angenichoka," mama akasema. "Wewe huwezi. Mama anawajua wanawe."

Yaani nilichaguliwa kwa sababu ya wema wangu. Ningekuwa na roho mbaya kidogo tu, leo ningekuwa mpima ardhi.

Nilitoka nje, nikasimama uani, nikapumua. Halafu nikarudi, maana ilikuwa saa ya kumgeuza. Nikamgeuza. Mikono yangu ilikuwa na kinyongo, na alikisikia, kwa sababu alifumba macho.

Niliwapigia simu chuo. Dada wa mapokezi alikuwa mpole. "Mwisho wa umri ni miaka ishirini na mitano, dada yangu. Wewe una mingapi?"

Nikakata simu. Nina thelathini.

Nikampigia dada, nikamwambia aje akae na mama na yeye, walau mwaka mmoja. Akasema nyumba yake ina ngazi. Nikamwambia sitaki mama aje kwako, nakutaka wewe hapa. Akaja. Siku ya kwanza alimwogesha mama akilia, siku ya pili akimwogesha kimya. Siku ya nne nilimsikia akimfokea kwa kumwaga uji. Siku ya tano kazini wakawa wanamhitaji.

Mama hakusema "nilikuambia". Aliniangalia tu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba alikuwa amepiga hesabu yake sawasawa.

Kilichobaki ni wale saba. Nikaanza kuwazungukia, mmoja mmoja, niwaeleze mwisho wa kweli.

Muuza mikate aliniambia hakuwahi kukisoma, alikuwa anakitumia kuzuilia mlango. Nilimsimulia bure. Wawili walishahama. Mmoja alishafariki, na mwanawe akaniambia mama yake alikuwa akisema kile kitabu ndicho kilichomfanya aache biashara aende kumuuguza shemeji yake. Sikujua niseme pole ya nini.

Mlinzi wa shule alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Fundi, ule wa mwanzo ndio ulionirudisha kwa mke wangu. Tuna watoto watatu. Huo mpya wako kaa nao."

Mshona viatu aliniuliza, "Sasa unaniambia ili iweje?"

Pacha nilimwacha wa mwisho kwa woga. Nilipofika zahanati nikakuta mtu mwingine kashika ndoo. Wakaniambia Pacha kaomba tena chuo, umri wake bado ulikuwa unaruhusu, kaondoka tangu wiki iliyopita. Sare kashonewa mtaa wa pili.

Hakuniaga. Alikuwa na haki yake.

Ndugu yangu unayesoma hapa, najua una kitabu unachokipenda. Kigawe. Sikukatazi, kitabu kukaa kabatini ni hasara. Lakini usimsimulie mtu mwisho ambao na wewe ulisimuliwa. Dada yangu alidanganya mara moja. Mimi nilidanganya mara saba, kwa moyo mweupe, tena nikiongeza na maneno yangu.

Na ukiona mtu anakuhimiza sana uwe mwema, tena wema wenyewe unamfaa yeye, pitisha kidole kwanza kwenye mshono. Uone kama pamechanika, au pamekatwa.