Bi Hebu na Majaribio ya Shemeji

Pale hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bi Hebu, kwa sababu ukimwambia kazi imekwisha hujibu, "Hebu nione." Ukimwambia umeme umerudi, anabonyeza swichi kwanza. Chai ya ofisini anainusa kabla ya kuinywa, na mlango akishaufunga anauvuta, anapiga hatua, kisha anarudi kuuvuta tena. Binti yake humcheka: "Mama, wewe hata ukitakiwa heri ya kuzaliwa unadai ushahidi."

Hakuzaliwa hivyo. Zamani alikuwa mwalimu wa hesabu, mwenye utani wake wa wastani, mpaka mumewe alipofariki. Marehemu alikuwa mpima ardhi. Majirani waliogombana hadi kufikishana polisi walinyamaza akishaweka jiwe la mpaka. Hakuna aliyethubutu kusema limesogezwa, kwa kuwa hakuwahi kula kitu cha mtu. Alimwachia mkewe nyumba, binti na sifa. Nyumba ina kufuli, na binti alikua akajua kujitetea. Sifa ndiyo iliyomnyima mjane usingizi, maana inakaa midomoni mwa watu na huko huwezi kupeleka mlinzi. Watu wa mtaani bado wanawaita "nyumba ya mpima", na Bi Hebu hulisikia neno hilo kama mtu anavyosikia cheo chake.

Alirudi darasani ukubwani akasomea kompyuta, akaajiriwa katika kitengo cha kompyuta cha hospitali. Kazi yake ilikuwa kukagua programu kabla hazijafika wodini. Kwa mara ya kwanza maishani alilipwa mshahara kwa kutoamini watu.

Programu iliyomtia majaribuni ilikuwa ya dozi za watoto. Muuguzi anaingiza uzito wa mtoto na dawa aliyoandikiwa. Kompyuta inamwambia ampe kiasi gani. Programu hiyo hurekebishwa mara kwa mara, na kila ikirekebishwa hupitishwa kwenye majaribio, yaani programu nyingine ndogondogo zinazoiuliza maswali na kuyapima majibu yake. Majibu yakiwa sawa, kioo cha kompyuta kinaonyesha kijani. Yakikosewa, nyekundu. Kwa njia hiyo hakuna mtu anayehitaji kukaa akikokotoa upya dozi moja baada ya nyingine.

Majaribio hayo yalikuwa yametengenezwa upya na shemeji yake, mdogo wa marehemu, kijana wa tai na ulimi mtamu. Aliyemsemea akapata kazi hiyo ni Bi Hebu mwenyewe. Tangu ayalete, kioo kilikuwa kijani tu. Kijani asubuhi, kijani jioni, kijani hata wiki ile programu ilipobadilishwa nusu nzima. Wenzake walifurahi. Yeye machale yakaanza kumcheza.

"Toleo jipya linaingia wodini wiki ijayo," mkuu wa kitengo alimwambia mbele ya wenzake. "Nataka neno lako tu kwamba majaribio yanafanya kazi."

"Ni ya shemeji yangu. Mpe mtu mwingine."

"Nimpe nani? Wewe hata kivuli chako unakigeukia kukikagua. Bi Hebu, ukipewa pepo utauliza fundi alikuwa nani!"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Yeye hakucheka. Alijua kwamba akisema yako sawa na yasiwe sawa, mtoto wa mtu atapewa dozi isiyo yake, na watu watasema nyumba ya mpima ilifichiana. Akisema ni mabovu, anayeanguka ni wa nyumba hiyohiyo.

Akamwendea shemeji, maana hakutaka kumvizia.

"Nitachukua nakala ya programu niiharibu kwa makusudi," alimwambia. "Halafu niyaendeshe majaribio yako juu yake. Yakipiga kelele, yako macho. Yakinyamaza, yamelala."

"Uiharibu, shem?"

"Nakala. Wodini sigusi kitu."

"Haribu tu!" Shemeji alicheka, lakini kicheko kiliisha kabla mdomo haujafunga. "Nipe leo nisafishe kidogo, kesho uwanja ni wako."

Bi Hebu alimpa siku hiyo, huku akijiuliza kinachosafishwa ni nini katika kitu kilichokuwa kijani muda wote.

Kesho yake alianza kuharibu. Palipokuwa na kuzidisha, akaweka kugawanya: nyekundu. Akaongeza sifuri kwenye dozi ya dawa ya homa: nyekundu. Akabadilishanisha mahali pa dawa mbili: nyekundu. Mkuu wa kitengo, aliyesimama nyuma ya kiti chake, alipiga makofi kama yuko harusini.

"Haya, umeridhika?"

"Niulize kesho."

"Kesho tena! Mama wewe!"

Lililomkera lilikuwa dogo. Jaribio linalojua kazi yake likikamata kosa hueleza: nilitarajia jibu hili, nimepewa lile. Haya yalisema "Kosa", basi. Ni sawa na jirani anayepiga yowe la mwizi. Unatoka na rungu, unamuuliza mwizi yuko wapi, kaiba nini, naye anaendelea kupiga yowe tu. Pia shemeji alipoletewa habari hakuuliza ameharibu wapi. Alishukuru. Fundi gani asiyetaka kujua?

Jioni mama mkwe alipiga simu.

"Mke wa mwanangu, nasikia shemeji yako umemweka kikaangoni."

"Ni kazi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kazi ina watu wengi, mimi aliyenibakia ni huyo mmoja. Mseme vizuri yaishe. Kwani jina lenu si moja?"

"Ni moja, Mama. Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

Bi Hebu alisema mboga zinaungua, akakata. Hakuwa na kitu jikoni. Alikaa mezani akijiuliza kama amekuwa mtu wa kumwinda hata mtoto wa mama mkwe wake, na kama watu hawasemi kweli kwamba ujane umemkausha roho. Hata hivyo yowe lile lisilo na maneno halikumtoka kichwani.

Asubuhi alifika kabla ya wenzake, akachukua nakala safi. Safari hii hakugusa hesabu. Ndani ya programu kuna mistari ya maelezo ambayo waandishi huwaachia wenzao. Kompyuta huiruka kama haipo. Mmoja ulisema kwamba uzito uandikwe kwa kilo. Mwisho wa mstari ule akaongeza nukta. Nukta tupu. Hakuna dozi hata moja duniani ambayo ingebadilika kwa sababu yake.

Akaendesha majaribio. Nyekundu, kuanzia juu mpaka chini.

Akafuta nukta: kijani. Akairudisha: nyekundu. Alifanya hivyo mara kadhaa, kwa kuwa hata macho yake hakuyaamini, kisha akafungua majaribio yenyewe akayasoma. Hayakuwa yakiuliza swali lolote kuhusu dozi. Yalikuwa yamepewa picha ya programu yote ilivyo, na kazi yao ilikuwa kutazama kama imefanana na picha. Ukigusa chochote, yanabweka. Programu ikirekebishwa kihalali, shemeji atabadilisha picha, na kijani itarudi, hata kama marekebisho yenyewe ni sumu. Tarehe ya kazi hiyo ilikuwa siku ileile aliyoomba kusafisha.

Alimkuta kwenye ngazi za nyuma, pale wafagizi wanapoanika matambara.

"Nimeongeza nukta," alimwambia.

Shemeji alitaka kucheka, akakosa. "Nukta gani, shem?"

"Usinifanye mtoto. Kabla ya kusafisha, yalikuwaje?"

Kijana aliangalia viatu vyake. "Hayakuwa na kitu. Nilikuwa nayaandika... kila nikiandika yanatoka mekundu, sielewi kosa ni langu au la programu. Siku ya kukabidhi ikafika. Nikayaacha yaseme kijani tu, nikajua nitarudi kuyajaza. Wakasifu. Ukisifiwa, unarudi vipi?"

"Ukaona afadhali unifumbe mimi macho."

"Wewe si mtu wangu? Shem, nakuomba. Wewe sema yako sawa, mimi nitayaandika usiku na mchana. Kaka angekuwapo..."

"Ishia hapo hapo." Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini mfagizi mmoja aligeuka. "Kaka yako aliweka jiwe la mpaka kwa hasara ya shamba la baba yake mwenyewe. Ulikuwa mdogo, hukuona mama yenu alivyomnunia. Usimlete hapa akutetee."

Kijana alifuta uso kwa tai.

"Kikao ni baada ya chakula cha mchana," Bi Hebu alisema. "Mkuu ataniuliza mimi, na mimi sitasema yako sawa. Lakini nitakuacha uzungumze kwanza. Ukisema mwenyewe, nitakaa karibu yako. Nikisema mimi, nitakaa mbali."

Mchana ule shemeji alisimama kikaoni akasema majaribio ni yake na hayapimi kitu. Alisema kwa kigugumizi, bila utamu wake wa kawaida. Mkuu wa kitengo alimwambia maneno ambayo hayaandikiki, kisha akasimamisha toleo jipya. Usimamizi wa majaribio ulitolewa mikononi mwa shemeji. Akaambiwa akitaka kubaki ataandika majaribio upya chini ya macho ya mfamasia wa wodi ya watoto. Bi Hebu alikuwa amekaa karibu yake, kiti cha pili.

Mfamasia, mama mnene asiyependa mazungumzo, alikokotoa dozi kwa mkono, akampa shemeji majibu. Shemeji akayaandika kuwa ndiyo majibu yanayotarajiwa. Siku walipoyaendesha juu ya lile toleo jipya, karibu yote yalitoka kijani, na moja likatoka jekundu, tena na maneno yake: mtoto mzito mno, dozi iliyotarajiwa ni hii, iliyotolewa na programu ni kubwa kuliko ya mtu mzima.

"Nimekosea kuliandika," shemeji alisema haraka. "Ni mimi. Nalifuta."

"Usiguse," Bi Hebu alisema. Akamgeukia mfamasia bila kumwonyesha kioo. "Dada, mtoto wa uzito huu, dawa hii. Unampa kiasi gani?"

Mfamasia aliandika kwenye kiganja, akataja kiasi. Kilikuwa kile kilichotarajiwa. Programu ndiyo iliyokosea: iliendelea kuzidisha bila kujua mahali pa kukomea, na mtoto yeyote mzito angepewa dawa ya kumdhuru. Shemeji alikikodolea kioo macho, kisha akanyanyuka bila kutumwa kwenda kumwambia mkuu wa kitengo.

Mama mkwe alipiga jioni. Safari hii hakungoja shikamoo.

"Umemwanika mwanangu! Sasa watu watasemaje?"

"Watasema alikosea, Mama, halafu akasimama mbele ya watu akasema amekosea." Bi Hebu alikaa vizuri kwenye kiti. "Wakisema hivyo, mimi napita barabarani nikiwa nimenyoosha shingo. Na yeye pia. Mpe simu, yuko hapo, namsikia anakohoa."

Ikasikika sauti ya kijana, ndogo: "Shem, shikamoo."

"Marahaba. Kesho saa ngapi mnaanza majaribio ya dawa za kifua? Na mimi naja na nakala ya kuharibu."