Sataranji ya Gredi ya Sita

Nafundisha shule moja ya msingi huku Gesima, na muhula uliopita nilikuwa nimechoka hadi nasahau kama nimekunywa chai. Mwalimu mkuu wetu, mtu wa Kiswahili sanifu, akaniletea fomu ya ruzuku ndogo za vilabu vya shule.

"Mwalimu Moraa, andika tunaomba klabu ya sataranji."

Nikaandika. Nilidhani sataranji ni drafti tu, ile ya vifuniko vya soda inayochezwa na watu wa boda boda pale sokoni.

Ruzuku ikakubaliwa. Nilipofungua maboksi nikakuta farasi, minara na wafalme: kumbe sataranji ni chess, mchezo nisioujua kabisa. Ningeuliza, lakini nilikuwa na rundo la vitabu vya kusahihisha, tena niliona aibu. Nikawafundisha watoto wa gredi ya sita drafti kwa kete zile zile: kila moja inaruka, kila moja inakula. Waliupenda sana mchezo huo.

Wiki jana mama mmoja kutoka kwa wafadhili alikuja kuiona klabu. Akaketi kucheza na Kemunto, mchezaji wetu hodari. Kemunto akainua askari mdogo, akaziruka kete tatu za mgeni kwa mpigo, mfalme akiwa mmojawapo, akazikusanya zote.

"Nimekula hizi, madam. Sasa ni wewe."

Mgeni akamuuliza, "Nani alikufundisha hivi?"

Darasa zima lilininyooshea kidole kwa fahari, na mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akavua miwani polepole.