Nilimletea Shemeji Chupa Iliyokwisha Kufunguliwa

Kwa heshima na taadhima nawatangazia ndugu wote wa ukurasa huu kwamba tangu Jumapili nimevuliwa rasmi madaraka ya kufungua chupa nyumbani kwangu. Hata ya limonadi. Mke wangu akiwa na kiu anaifungua mwenyewe, huku akiniangalia. Admin, jina langu lifiche, maana hapa Brussels Wakongo tunajuana wote, na wasiojuana watakutana mtaa wa Chaussée de Wavre wakinunua sombe, kisamvu chetu.

Mimi ni baba wa miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa Bukavu, naishi Etterbeek. Nahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, nina tumbo la heshima, pombe niliacha kwa sababu ya vidonge vya presha, na mtihani wa kuendesha gari nimeanguka mara nne. Jumamosi hii binti yetu wa kwanza, nimwite Gloria, analetewa mahari. Kwetu mahari haipokewi bila mjomba wa binti kukaa mezani. Mjomba huyo ni kaka mkubwa wa mke wangu, nimwite Papa Désiré, anakaa Laeken. Ndiye alinipokea nilipoenda kuposa, na mpaka leo anawaambia watu kwamba alinifungulia mlango kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha.

Bon. Papa Désiré alisema bia ya sherehe hatuinunui dukani kama watu wasio na ukoo. Tutazunguka vijijini, kwenye viwanda vidogo ambako watu wanapika bia yao wenyewe, tuonje, tuchague. Jumamosi iliyopita tukaondoka asubuhi, yeye kwenye usukani, mimi pembeni na mikate. Kiwanda cha kwanza kilikuwa nyuma ya kanisa; alionja glasi mbili. Cha pili kilikuwa kwenye zizi la zamani la farasi. Hapo glasi tatu, na Papa Désiré akamweleza mwenye kiwanda kwa kirefu jinsi mimi shemeji yake ninavyoosha migongo ya wazee wa Kibelgiji na bado sijui kuwasha gari. Cha tatu kilikuwa shambani. Papa Désiré akakaa, akaagiza ile kali ya chupa, mimi nikaenda kaunta. Nikarudi na glasi na chupa. Chupa ilikuwa wazi.

Wasio wa kwetu niwaeleze. Kwetu bia inafunguliwa mbele ya anayekunywa, akiona kizibo kikitoka. Ukimpelekea mtu chupa iliyo wazi, ni kama umemwambia umetia kitu ndani. Zile glasi za asubuhi alizikubali kwa kuwa alisimama mbele ya bomba akizitazama zikijaa, kama polisi wa mpakani.

Akaigusa chupa kwa kidole kimoja. Mimi huniita Beau, shemeji kwa Kifaransa. "Beau, ni nani alifungula hii bouteille?"

Nikasema ni yule mama wa kaunta, ndivyo wanavyofanya huku.

"Huku ni huku. Weye uko muntu wa wapi?"

Nikamsogezea glasi.

"Alors, kunywa weye kwanza."

Nilichelewa sekunde mbili. Nilipoinua chupa, alikuwa ameshasimama. Hasira ilimtoa pombe yote. Aliendesha mpaka Brussels, na mlangoni kwangu hakuzima hata injini.

Jioni sauti yake ikaingia kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp, dakika saba. Kwamba nilitaka kumumaliza kabla ya mahari ili mkwe awe wangu peke yangu. Kwamba hakai meza moja na mtia sumu, mpaka niseme mbele ya ukoo wote ni nani alifungua ile chupa. Shangazi mmoja wa Bukavu, ambaye hatujasalimiana miaka kumi, akauliza ilikuwa unga au maji.

Mke wangu alinitetea usiku mzima ule. Jumapili alipokuwa anageuza mifuko ya suruali yangu kwa ajili ya kufua, kizibo kikaanguka. Alikiweka mezani kando ya sahani yangu ya fufu.

"Papa Gloria," akasema taratibu, "yule mama wa kaunta alikupatia na hii ya souvenir?"

Tangu hapo akipika, mimi naonja kwanza, halafu ndipo yeye na watoto wanakula.

Sasa niwaambie ilivyokuwa, maana sijamwambia mtu. Tukielekea kiwanda cha tatu gari lilipanda ukingo wa barabara, lori likatupita karibu sana, na Papa Désiré akacheka. Nilitaka kusema, grand, inatosha, turudi kwa treni. Sikuweza. Kaka mkubwa wa mke haambiwi inatosha, hasa na mtu aliyepokewa kwa huruma ya mvua. Kwa hiyo kaunta nilichukua chupa imefungwa, nikaingia nayo chooni, nikaifungua kwa ufunguo wa nyumba, nikamwaga nusu kwenye sinki, nikajaza maji ya bomba, nikapangusa mdomo wake kwa shati. Shangazi alikaribia kabisa: yalikuwa maji.

Na niseme yote. Nilikuwa naogopa barabara, ndiyo, lakini ile bia ilipokuwa inashuka kwenye sinki nilisikia raha. Miaka ishirini na saba ya ile mvua. Ndiyo maana nilichelewa zile sekunde mbili.

Nikiendelea na uongo, kizibo kiko kwa mke wangu. Nikisema kweli, nitasimama mbele ya wakwe wapya nikikiri kwamba kweli nilitia kitu kwenye chupa ya mjomba wa bibi harusi, na kwamba mjomba mwenyewe alikuwa amelewa kwenye usukani. Nikinyamaza, kiti chake kitakaa wazi na Gloria haolewi. Ni keshokutwa. Wapenzi wasomaji, mngekuwa miye, mngesema nini mbele ya ile meza?