Nilivyomshtaki Fisi kwa Mhariri wa Norwei

Mpaka sasa sijapoa, na mjinga ni mimi mwenyewe. Nasafisha vyumba hotelini huku Doha. Supavaiza wetu, Madam Jacinta, Mkenya mwenzangu, ameninyima likizo mara mbili, na mwanangu Tevin kule Nakuru sasa anamwita shangazi yake mama.

Juzi akaja mgeni, mzee wa Norwei. Akanisimulia alivyoanzia kwenye jarida la wavuvi, akapanda mpaka akawa mhariri mkuu wa gazeti kubwa. Nikasema moyoni, Mungu si Athumani! Nikaweka mopu chini, nikaketi kitandani mwa mgeni, nikamwaga yote. Kwamba Jacinta ni fisi. Kwamba likizo anawapa wanaomletea marashi. Mzee akaandika kila neno, nami nikamtajia jina langu herufi kwa herufi, lisikosewe gazetini.

Asubuhi nikaitwa ofisini. Mzee alikuwa ameketi na daftari lake, anatabasamu.

"Mhariri hachapishi shutuma kabla anayeshutumiwa hajajibu," akaniambia kwa fahari. "Kwa hivyo nimemsomea yote."

Jacinta akanisogezea kiti. "Keti, Mama Tevin. Nianze kujibu wapi, kwa likizo ama kwa fisi?"