Pembe za Kiranja

Shemeji yangu alikuwa seremala mpaka presha ya macho ilipomnyang'anya msumeno. Watu bado wanamwita Fundi, na kiburi cha ufundi kimebaki kizima. Tangu apofuke hakukubali kushikwa mkono na mtu, hata na dada yangu aliyemzalia watoto na anayemfulia mashati. Anayemwamini ni mbuzi: Kiranja, jike mrefu mwenye pembe zinazomfika Fundi kiunoni. Fundi hushika pembe moja, wakavuka barabara hadi malishoni, wakarudi. Niliwahi kumuuliza kwa nini asitumie kamba kama watu wengine.

"Kamba inaniambia mbuzi yuko wapi," akasema. "Pembe inaniambia anaangalia wapi."

Nikamwacha na ujuaji wake.

Sasa Kiranja amezeeka, hatamaliza mwaka huu kazini. Juzi kazaa pacha, majike wawili, na Fundi akaona warithi wamepatikana. Lakini pembe hizo hizo za Kiranja zilishamtoboa mbuzi mwenzake kiwele, na maziwa ndiyo yanayoilisha nyumba ile. Kidonda hakijapona, zikamchana dada yangu paja. Nilipomkuta amekaa kitini upande upande nilikasirika, nikamwita daktari wa mifugo mwenyewe bila kuuliza mtu.

Daktari alikuja na chuma chake cha kuchomea pembe, akavipapasa vichwa vya wale watoto.

"Ndiyo kwanza zinachipua," akasema. "Leo ni kuchoma tu. Zikishashika fuvu itabidi kukata, na hapo damu haikosi."

"Choma mmoja, acha mmoja," dada akadakia. Nilijua anamtetea nani.

"Mama, mwenye pembe atawaonea wasio nazo. Ni wote, au hakuna."

"Basi hakuna. Paja ni langu."

Ulimi uliniwasha, nikajizuia. Fundi alikuwa amekaa kizingitini na mtoto mmoja mapajani, kidole kikikizunguka kile kinundu kama anayetafuta msumari chini ya rangi. Hakuwa na haraka.

"Choma," akasema. "Wote wawili."

"Baba watoto, halafu utatembeaje?"

Fundi aliwashikilia mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Daktari akawadunga ganzi, kisha chuma kikafanya kazi yake. Manyoya yaliyoungua yalinuka mpaka jikoni. Walipomaliza, Fundi akawarudisha kwa mama yao, akasimama, akajipangusa manyoya surualini. Kiranja alikuwa pale pale kando yake, tayari kwa safari. Lakini Fundi alinyoosha mkono upande wa pili, alikomsikia dada akivuta kamasi.

"Haya, nianze kuzoea," akasema. "Nivushe barabara. Ila usinikokote kama mbuzi."

Roho iliniuma, nikamsamehe kiburi chake chote. Dada aliushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akasahau barabara iko upande gani.