Chakula cha Bibi wa Kwenye Runinga

Matilda, ambaye hapa Mtaa wa Msimbazi tunamwita Mama Aaron, anauza vyombo vya umeme vilivyotumika kutoka Japani: runinga, redio, majiko ya kupikia wali. Hapunguzi bei hata umlilie. Bi Huda, mjane mwenye ulimi mkali, ana duka la vitambaa. Mimi nauza makufuli katikati yao, kwa hiyo hakuna linalonipita.

Mwaka jana Mama Aaron alikuta kwenye mzigo mashine ya gemu ya zamani na kaseti moja. Abdulmalik wa vipuri, aliyewahi kuishi Japani, aliwaambia gemu hiyo imetokana na hadithi ya kale ya huko: msafiri anamtafuta dada yake aliyepotea. Akawaonyesha maandishi ya ndiyo na ya hapana, akaenda zake. Tangu hapo, kila mchana wateja wakipungua, wanawake hawa wawili wazima wanakaa mbele ya runinga wakimtembeza msafiri.

Shida ilikuwa moja. Njiani kuna nyumba, na ndani bibi kizee anamkaribisha msafiri chakula. Wanabonyeza ndiyo. Kioo kinakuwa cheusi, msafiri anarudishwa mwanzo kabisa. Mwaka mzima! Nikawaambia, jamani, bonyezeni hapana. Wakanitazama kama mtu aliyetukana msibani.

"Bibi wa watu kapika, umkatalie?" akasema Mama Aaron.

"Hata kuonja?" Bi Huda akadakia. "Kwani wewe ulilelewa na nani?"

Nikarudi kwenye makufuli yangu nimenuna.

Mwezi huu Bi Huda akafunga duka. Mwanawe Mazin amemwita Muscat akaishi naye moja kwa moja. Mama Aaron alitaka kitu kimoja tu: wamwone huyo dada wakiwa pamoja, kabla hawajaachana. Huzuni yake aliificha kwa kufokea wateja.

Siku ya safari wakakaa tena. Wakafika kwa bibi, bakuli likasogezwa. Mama Aaron akashindwa kubonyeza. Bi Huda akamchukulia vitufe mkononi.

"Utusamehe, bibi, tumeshiba," akaiambia runinga, akabonyeza hapana.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Ng'ambo ya daraja, dada alikuwa ameketi akisubiri. Msafiri akakaa karibu naye, maandishi ya mwisho yakapanda kwenye kioo, gemu ikaisha. Mimi mwenyewe nilitokwa na machozi, na sioni aibu kusema.

Nje gari la kwenda uwanja wa ndege likapiga honi. Bi Huda akasimama, akajitanda mtandio. Mama Aaron, bila kumtazama, akamimina chai ya tangawizi na kusogeza sahani ya maandazi.

"Karibu chai, Bi Huda."

Honi ikapigwa tena. Bi Huda akavuta kiti, akaketi.

"Jaza kikombe, Mama Aaron," akasema. "Huenda na mimi nikarudishwa mwanzo."